Mkiani

Robota lilipofunguliwa Gikomba, mwezi wa nane,
baridi ya Julai ingali imeganda kwenye mabati,
vijana walizirukia jezi za mabingwa
kama kuku waliomwagiwa mtama.
Nilichelewa. Nilikuwa nimempeleka mama kliniki.
Nilichopata ni makombo:
kumi na mbili za kijani, timu ya mji wa makaa ya mawe,
tatu za njano, klabu ya kisiwa fulani,
na moja ya zambarau, pana kama hema,
jina la mgongoni limebanduka herufi
hata mwenyewe asingelitambua.

Mtu hauzi asichokijua. Nikaanza kuzifuatilia,
kama unavyoulizia hali ya ng'ombe
uliyeuziwa tayari akikohoa.
Wiki ya kwanza Kijani walifungwa tatu.
Njano mbili, moja wakijifunga wenyewe.
Zambarau wakatoka sare tasa,
nami nikajinunulia soda.

Kwa Mutinda, ukumbi ulio nyuma ya kinu cha unga,
ubao wa chaki huandikwa mechi za wakubwa tu.
"Hiyo yako ataitazama nani?"
Nikalipia viti vitano, nikakalia kimoja.
Akaniwashia televisheni ya pembeni, bubu,
yenye kuonyesha nyasi kwa rangi ya kitunguu.

Bila sauti, unaona mengine.
Skafu zinashuka moja moja.
Mzee anainama kumfunga mjukuu zipu,
wanaondoka dakika ya themanini
kama watu watokao matangani,
na Jumamosi ijayo ni yeye tena, kiti kilekile.
Nilimwita Babu Zipu. Kila wiki nilimtafuta
kabla sijatazama mabao.

Novemba mvua ikapasua turubai, Njano wakalowa.
Jumatatu kocha wao alifukuzwa;
Jumanne kanjo wakanifukuza mimi.
Kocha mpya akaja na suti.
Mimi nilirudi Alhamisi na viatu vilevile.

"Umeweka ngapi?" Kiptanui wa viatu aliniuliza.
Sijaweka hata ndururu, nikamwambia.
Hilo lilimuudhi kuliko deni:
mtu kupoteza, na hakucheza!

Kisha ule usiku wa Januari, mechi ya saa tano,
Kijani moja, wageni sifuri, dakika ya themanini na tisa,
stima ikapotea mtaa mzima.
"Tulikuwa tunaongoza!" nikapaza sauti gizani,
na nikalisikia lile *tu*
likitoka kinywani mwangu bila kubisha hodi.
Nikatembea hadi nyumbani nikiwa mshindi.
Asubuhi simu ikasema: mbili kwa moja, wageni.
Haidhuru. Saa saba nzima nilikuwa nimeshinda.

Masika yakaja, Kijani wakateremka
mechi nne zikiwa bado mkononi.
Njano wakafuata Mei, kwa tofauti ya mabao mawili;
naweza kukuonyesha yote mawili kwa chaki.
Zambarau waliponea penalti
ya mkono ambao hata mimi, Mungu anisamehe, sikuuona.

Mwalimu Nafuna alikuja Juni, kutoka Mukuru,
akitaka jezi kumi na moja zinazolingana, bei ya chini.
Hakuuliza ni timu gani.
Alizivuta mishono, akauliza kama zitadumu.
"Hizo?" nikasema. "Hizo zimeshavumilia."

Jumamosi nikafunga meza mapema.
Uwanja wa vumbi kando ya mto Ngong, goli moja bila neti,
watoto wameikunja mikono ya jezi mara tatu.
Nne bila, hata mapumziko hayajafika.
Nikapiga kelele zote nilizoziweka akiba tangu Agosti,
nikamtukana refa kwa heshima,
hadi mama mmoja muuza mahindi akauliza
mwanangu ni yupi.

Nilinyoosha kidole uwanjani, popote tu.
Ya kumi na mbili nilikuwa nimeivaa,
ndani ya koti, zipu wazi.